Madodoso Yamejaa Sifa, Viti Vitupu

Ijumaa, jioni. Rulenge.

Mvua imetunyeshea tangu alfajiri, ikachoka yenyewe mchana, na sasa kuna ukungu mwepesi juu ya migomba na ile baridi ya huku inayokufanya uvae sweta juu ya sweta. Nimekaa kitandani, miguu ndani ya blanketi, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Nina furaha. Naliandika hilo mapema kabla sijaanza kulalamika, maana najijua.

Kwa mgeni aliyepita hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mwanafunzi wa ukutubi, mzaliwa wa Nyakahura kule Biharamulo, na nipo Rulenge kwa ajili ya utafiti wa shahada ya pili. Nachunguza watu wanaionaje maktaba. Wanajisikiaje wakiingia, wanapata walichofuata au hawapati, kwa nini wanarudi au hawarudi. Maktaba yenyewe ni ndogo, ya jamii, vyumba viwili ndani ya jengo la zamani lenye paa la vigae. Chumba cha nyuma ni cha wanafunzi na kimejaa kila siku. Chumba cha mbele ni cha watu wazima: magazeti, vitabu vya kilimo, vya afya, vya ufugaji. Hicho ndicho kilichokuwa kinaniumiza kichwa.

Kilikuwa kitupu.

Na kamati ya maktaba ilishasema wazi kwamba kama hali ni hiyo, basi chumba cha mbele kigeuzwe ghala la mbolea ya kikundi cha wakulima. Kikao cha kuamua kilipangwa leo.

Mbolea siichukii jamani, mimi ni mtoto wa mkulima. Lakini nimeyaona maghala mengi ya "muda tu" katika maisha yangu, na sijaona hata moja lililorudi kuwa lilivyokuwa. Mifuko ikishaingia, imeingia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba fimbo ya kunichapia nilimpa mwenyekiti wa kamati mimi mwenyewe. Wiki zangu za kwanza hapa niligawa madodoso. Nilipita nayo sokoni, kanisani, kwenye vijiwe vya bodaboda. Watu waliyapokea kwa mikono miwili, wakayajaza vizuri, wakanirudishia wakiwa wananiombea baraka. Huduma za maktaba zikoje? Nzuri sana. Mazingira yakoje? Mazuri sana. Ungependa nini kibadilishwe? Hakuna, Mungu awabariki. Yupo hadi mtu aliyeandika kwamba wahudumu ni wakarimu mno, na nikaja kugundua hajawahi kukanyaga pale.

Nami kwa upumbavu wangu nikachora chati, nikaziwasilisha kwa kamati huku nimevimba kichwa.

Mwenyekiti wetu, Mzee Bukuru, ni mtu mpole lakini si wa kumchezea. Alizitazama zile chati, akanirudishia kwa adabu. "Mwanangu, kama huduma ni nzuri hivi na bado hawaji, basi hawana shida nayo. Mbolea wana shida nayo."

Nilirudi nyumbani nikanuna hadi mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimefiwa.

Na mimi ndiye niliyepaswa kujua! Nyumbani kwetu, mama alitufundisha kwamba ukila kwa watu, husemi chumvi imepungua. Unasema asante, unasema mmepika vizuri, na kama hukushiba unakwenda kushiba kwenu. Unampa mtu karatasi umuulize "huduma yetu ikoje", unategemea akwambie nini? Nilisoma vitabu vyote vya mbinu za utafiti nikasahau malezi yangu.

Sasa nije kwenye Jumatatu.

Kwanza nimtaje Ferdinand, mkutubi wetu. Ni kijana mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku ya matope, anatembea kama anayehofia kumwamsha mtoto aliyelala. Ferdinand anakipenda kimya kuliko chakula. Kwenye mlango wa mbele alibandika ubao wenye neno KIMYA kwa rangi nyekundu. Ukikohoa, anakutazama mpaka kikohozi kirudi kilikotoka. Pamoja na hayo, vitabu vyake anavitunza kwa mapenzi ya kweli, na ukimuulizia kitabu anakufikia nacho kabla hujamaliza sentensi.

Jumatatu chumba cha mbele kilikuwa na watu wanne, kwa kawaida yetu ni umati: mwalimu mstaafu mmoja na wanafunzi watatu waliokosa nafasi kule nyuma. Wote wameinamisha vichwa. Mimi nipo kwenye kona nikijifanya sipo, ndivyo tunavyofundishwa: mtafiti asionekane. Mlango ukafunguliwa taratibu, akaingia bibi mmoja na kikapu chake. Nilikuja kujua baadaye kwamba anaitwa Bibi Anastazia na ametoka Kirushya.

Akasimama. Akatazama vile vichwa vilivyoinama. Akatazama tena. Kisha akavua ndala zake akaziacha mlangoni, akashusha kikapu, akavuta kitenge kikafunika kichwa, na akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, mgongo ukutani.

Nikajua amechoka na safari.

Baada ya muda akainuka, akamwendea mwalimu mstaafu, akampa mkono na kumwambia kwa sauti ya chini kabisa: "Poleni sana." Mwalimu naye, kwa mazoea tu, akajibu: "Tumeshapoa, bibi." Akahamia kwa mwanafunzi wa kwanza. Pole mwanangu. Wa pili. Pole. Ferdinand akainua kichwa mezani kwake, akaweka kidole mdomoni kumtaka anyamaze, na bibi wa watu akatikisa kichwa kwa huzuni, akamsogelea na kumnong'oneza:

"Ni nani aliyetutoka?"

Jamani! Nilitoka nje mbio, nikashika nguzo ya kibaraza, nikacheka mbavu zikauma. Nilicheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikaisha, machozi yakawa bado yapo, na hapo sikuelewa tena nacheka au nafanya nini.

Bibi akanifuata nje. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza kwamba hakuna msiba, ile ni maktaba, watu wanasoma. Akanitazama kama niliyemdanganya. "Mjukuu wangu, nimeingia kwa watu. Watu wapo, hakuna anayeinua uso. Hakuna anayenisalimia. Mwenye nyumba ananifanyia ishara ninyamaze. Ulitaka nifikiri nini, harusi?" Kisha naye akaanza kucheka, akajifunika mdomo na kitenge, tukacheka wote mpaka wapita njia wakasimama.

Kilichomleta ni migomba yake. Inanyauka. Majani yanageuka njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zimeoza. Aliambiwa maktaba kuna kitabu chenye picha za ugonjwa huo. Kitabu kipo! Ferdinand alikitoa mara moja nilipomwambia. Lakini nilipokuwa namfungulia kurasa pale kibarazani, wazo moja halikuniacha: huyu ametoka Kirushya kwa miguu, ameingia, na kama asingekuwa mtu wa kutoa pole angeondoka. Wangapi wameondoka?

Jumanne niliyafungia madodoso ndani ya begi. Nikarudi kwa watu wale wale walionisifia huduma, sasa nikiwa na swali moja tu: mara ya mwisho ulipofika pale mlangoni, ilikuwaje?

Watu hawapendi kumkosoa mwenyeji, lakini kisa? Kisa utapewa hadi ukimbie. Mama muuza maandazi alifungua mlango, akaona kimya kile, akajua kuna mtihani wa taifa, akatoka kinyumenyume. Fundi baiskeli alidhani ni kikao cha wakubwa, akaomba radhi na kwenda zake. Kila mmoja alinisimulia huku akicheka, na mimi niliandika huku nikicheka.

Mpaka nilipofika kwa Leonidas, muuza maharage. Wazazi wake walitoka Burundi wakati wa vita, yeye amezaliwa na kukulia hapa hapa. Yeye hakucheka. Aliniambia aliingia kusoma gazeti, akasalimia, hakujibiwa. Akasalimia tena. "Nikajua ni yale yale, dada. Hata humu." Akaendelea kupima maharage ya mteja wake.

Iliniuma, siwezi kusema vingine. Huyu ndiye aliyeniandikia kwenye dodoso: huduma nzuri sana.

Jumatano nikamkabili Ferdinand. Nilikwenda kwa pupa, kama kawaida yangu. Nilimwambia ule ubao wa KIMYA uondoke mlangoni, uende chumba cha nyuma kwa wanafunzi. Chumba cha mbele anayeingia asalimie, asalimiwe, apewe mkono na kila aliyepo, kama nyumba yoyote ya watu. Na anayetaka kusoma kwa sauti asome.

"Maktaba si soko, dada."

"Na matanga je?" nikamrukia.

Nikajua nimevuka mpaka. Alipanga kalamu zake mezani, akazipangua, akazipanga tena, kisha akaniambia taratibu kwamba kwao walikuwa wengi, nyumba ndogo, na hakuwahi kupata mahali pa kusoma bila mtu kumpigia kelele. Alipopewa funguo za maktaba hii, kitu kizuri kuliko vyote alichokuwa nacho cha kuwapa watu kilikuwa kimya. Anawapa kila siku. Hakujua kwamba wengine wanakipokea kama kufukuzwa.

Nilimwomba radhi kwa yale maneno ya matanga. Alikubali radhi haraka, kulikubali wazo kukachukua mchana mzima. Mwisho akasema sawa, tujaribu, lakini kumpa mkono kila mtu yeye hataweza, ataona aibu.

Alhamisi ni siku ya gulio. Ubao ukahamia nyuma. Ferdinand akasimama karibu na mlango, ameng'ang'ania kitabu kifuani kama ngao. Wa kwanza kuingia alikuwa mwalimu mstaafu, ambaye hana tatizo na lolote. Wa pili, fundi baiskeli, aliyechungulia kwanza. Ferdinand akamwambia karibu, habari za kazi, na sauti ikamkwama katikati. Yule fundi akashtuka kuliko kama angepigwa kofi.

Habari zikatembea gulioni kote: Ferdinand anaongea! Nawaambieni ukweli, nusu ya waliokuja kabla ya adhuhuri walikuja kumsikiliza Ferdinand akiongea. Waliingia, wakasalimiwa, wakazunguka meza wakipeana mikono, na wakishakaa, macho yakaanza kutafuta cha kutazama. Magazeti yapo. Picha za ng'ombe wagonjwa zipo. Kuna mama alifunua kitabu cha lishe ya watoto akawa anabishana nacho kwa sauti.

Bibi Anastazia akarudi, na majirani wawili. Kusoma kwake ni kwa kuvutavuta, kwa hiyo wakamkabidhi kazi mwalimu mstaafu. Akasoma kwamba ule ugonjwa unahama kwa panga, kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Kwamba panga lipitishwe motoni kwanza. Kwamba lile ua linaloning'inia mwisho wa mkungu liondolewe kwa kijiti chenye panda, lisiguswe kwa panga kabisa. Akawa anasoma kwa Kiswahili na kuwafafanulia kwa Kihangaza, lugha ya huku. Bibi akapiga makofi ya uchungu. "Kumbe tunaua wenyewe! Tunapita na panga moja shamba zima!" Watu wa meza ya magazeti wakahamisha viti kuja kusikiliza.

Nilimtafuta Ferdinand kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye rafu, mgongo kwetu, akijifanya anapanga vitabu vilivyokwisha kupangwa. Mabega yametulia.

Basi, leo.

Niliamka nikachungulia dirishani. Mvua inanyesha, njia ni tope tupu, nikasema leo nani atakuja? Nikafika maktaba nikakuta chumba cha mbele kimejaa. Furaha yangu haikudumu, maana Mzee Bukuru aliingia na wajumbe wake wakikung'uta miavuli, akatazama, akasema jambo ambalo nami nilikuwa naliogopa kimoyomoyo: "Hawa wamekimbia mvua."

Ningebisha nini? Inawezekana. Kibaraza chetu ni kipana na vigae havivuji.

Wajumbe wakataka kuanza kikao pale pale. Lakini kuna watu, na sasa ni nyumba ya watu, kwa hiyo mwenyekiti na kamati yake nzima wakalazimika kuzunguka wakisalimia. Mkono kwa mkono. Za nyumbani, wazima, mvua mnaionaje, yule mgonjwa anaendeleaje. Ikachukua muda kweli. Alipofika kwa Leonidas, ambaye nilikuwa hata sijamwona, kumbe yupo dirishani na gazeti lake, walisalimiana kwa jina, wakaulizana bei ya maharage, na Mzee Bukuru akabaki amemshikilia mkono kama wanavyofanya wazee huku, anaongea naye bila kuuachia.

Halafu mvua ikakatika.

Ukimya uliokuja baada ya kelele za vigae ulinisimamisha moyo. Mzee Bukuru akageuka dirishani, akaona mwanga, kisha akarudisha macho kwa watu, na nikajua kabisa anachosubiri. Mimi pia nilisubiri. Nilimtazama kila mtu mmoja mmoja, nikimwomba kimoyomoyo: usisimame, tafadhali, usisimame.

Mama wa lishe akafunua ukurasa.

Mwingine akasimama, roho ikaniruka, kumbe anafuata gazeti la pili. Mwanamume aliyelowa kuliko wote alivua koti, akalitundika kwenye kiti, akakaa vizuri zaidi. Leonidas akamwonyesha mwenyekiti habari fulani ya mipaka ya mashamba, akamuuliza anaionaje. Hakuna aliyetoka. Jua likawaka kabisa nje, tope likaanza kutoa mvuke, na hakuna aliyetoka.

Mzee Bukuru akatafuta kiti. Hakikuwepo. Ferdinand akamletea chake.

Kikao kilifanyika wamesimama pale kibarazani, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi ya kamati. Hakikuwa kirefu. Banda lililo nyuma ya ofisi ya kikundi litaezekwa upya na mbolea itakaa huko. Chumba cha mbele kinabaki kama kilivyo. Mzee Bukuru akaniambia pembeni, kwa sauti ambayo wajumbe hawakuisikia: "Mwanangu, zile karatasi zako hazikusema haya." Nikamwambia hapana, mzee, hazikusema. Akacheka, akarudi ndani kumalizia habari ya mipaka.

Ferdinand alilia kidogo. Alijificha nyuma ya rafu ya ufugaji, lakini nilimwona. Akasema sauti imemkauka kwa kusalimia na kwamba kesho atakuja na chupa ya chai.

Najua yaliyobaki. Sura yangu ya mbinu za utafiti imebomoka, naianza upya, na chati zangu nzuri zote ni za kutupa. Najua pia kwamba gulio moja na siku moja ya mvua si ushahidi wa kumtosheleza profesa. Wiki ijayo wanaweza kupungua. Lakini leo mchana nilimwona mtu aliyesalimia mara mbili bila kujibiwa akikaa dirishani, na hakuna aliyemhesabu kuwa mgeni.

Kuna jambo moja tu linalonisumbua jioni hii. Msimamizi wangu ataniuliza maelezo ya leo, siku muhimu kuliko zote tangu nifike. Nimefungua karatasi ya kumbukumbu sasa hivi na haina hata mstari mmoja. Kila nilipoishika kalamu kule konani, alitokea mtu amekuja mpaka kwangu, amenyoosha mkono, ananiuliza nimeamkaje na nyumbani Nyakahura hawajambo. Na mimi nikaiweka kalamu chini, nikampa mkono.

Nimweleze nini? Kwamba mtafiti alionekana?